Uchumba wa geresha: tathmini ya filamu ya To All the Boys I've Loved Before

Filamu hii ipo Netflix tangu Agosti 2018, lakini mimi niliitazama kwa mara ya kwanza likizo hii ya Juni, nyumbani Ipagala, jijini Dodoma, nikiwa na binti yangu wa kidato cha pili pamoja na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Kongwa. Ina dakika 99 tu, nami ninaitathmini kama mzazi aliyelipia huduma kwa fedha yake na kutaka kujua kama inafaa kutazamwa sebuleni wakubwa na wadogo wakiwa wameketi pamoja.

Kisa kimetokana na riwaya ya Jenny Han ya mwaka 2014. Lara Jean, anayeigizwa na Lana Condor, ana mazoea ya kumwandikia barua kila mvulana anayempenda, kisha kuificha barua hiyo katika boksi la kofia alilopewa na marehemu mama yake. Siku moja barua zote tano zinatumwa kwa wenyewe (aliyezituma simtaji). Mmoja wao, Josh, alikuwa mpenzi wa dada yake mkubwa. Ili kumkwepa, Lara Jean anakubaliana na Peter, anayeigizwa na Noah Centineo, ambaye naye anataka kumtia wivu msichana aliyemwacha, kwamba wajifanye wapenzi mbele ya shule nzima. Wanaandikiana mkataba kabisa: kubusiana ni marufuku, na Peter atamwandikia kijikaratasi kila siku.

Nilidhani ningekuwa na kazi ya kumfafanulia mama mkwe, kumbe yeye ndiye aliyeelewa mapema kuliko sote. Kwake jambo hili lilikuwa utani, sawasawa na ule anaoufanya anapomwita mwanangu wa kiume "mume wangu" na kumlaumu kwamba hajamletea kuni. Hata hivyo, alipoona Peter ameanza kuzoeleka nyumbani kwa kina Lara Jean, aliguna na kusema, "Mwanangu, utani wangu na mjukuu wangu mipaka yake inajulikana na kijiji kizima. Hawa mpaka wao wameuweka kwenye karatasi wanayoijua wawili tu."

Maneno hayo yalinifanya niitazame filamu kwa jicho jingine, kwa sababu geresha huhitaji mtu wa kugereshwa, na mwongozaji Susan Johnson anaijua siri hiyo. Wawili hawa wanaposhikana shikana kwenye korido za shule, hatuoni lolote la kuaminika. Hisia zinajitokeza pale ambapo hakuna anayewatazama. Peter anaendesha gari hadi upande wa pili wa mji kutafuta mtindi wa kunywa wa Kikorea ambao Lara Jean na mdogo wake wanaupenda, ilhali hakuna kifungu cha mkataba kilichomwagiza afanye hivyo. Usiku mwingine wanaketi mgahawani wakizungumza, mvulana akimkumbuka baba aliyeondoka nyumbani, msichana akimkumbuka mama aliyefariki, na hapo hakuna msichana wa kutiwa wivu wala Josh wa kukwepwa. Condor anaigiza sehemu hizo kwa utulivu mkubwa, akionekana kuogopa jambo lililo kweli kuliko alivyoogopa uongo.

Josh mwenyewe hana uzito, na kila anapotokea mwendo unapungua.

Kasoro kubwa ni video. Wakiwa safarini na wanafunzi wenzao, wawili hao wanarekodiwa kwa siri wakibusiana katika bwawa la maji ya moto, na video inasambaa Instagram. Filamu inaonyesha vizuri kwamba aibu inamwangukia msichana zaidi, kisha inalimaliza jambo hilo haraka mno, kana kwamba Peter akiwakemea watu mara moja limekwisha. Kwa mzazi wa hapa, ambako mwanafunzi haruhusiwi hata kubeba simu shuleni, suala hilo halimaliziki kirahisi hivyo. Binti yangu, aliyekuwa akicheka tangu mwanzo, alinyamaza kimya katika sehemu hiyo, nasi tulilazimika kuisimamisha filamu ili tuzungumze.

Ningeipendekeza kwa walio na umri wa miaka 14 na kuendelea, mzazi akiwepo. Sehemu zilizofuata zilitoka mwaka 2020 na 2021, ila hii ya kwanza inajitosheleza. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo iliyopungua ni ya video ile.