Safari ya boti ya siku nzima: nunua maji kwanza, boti baadaye

Shule zikifungwa tu, simu yangu haipoi. Binamu wanaokuja likizo kutoka Muscat, marafiki wa Dar waliopata siku mbili za Idi, shemeji mwenye wageni wa Nairobi, wote wanataka kitu kimoja: boti ya siku nzima, kila kitu ndani, pwani tupu isiyo na hoteli. Na wote huanza na bei. Mimi huwauliza: siku hiyo mwezi ngapi?

Siulizi Julai wala Agosti. Nauliza mwezi wa kuandama. Huku kwetu maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 4 wakati wa bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo Unguja maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Ikifika tarehe 8 au 22 hivi ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na saa zimegeuka, asubuhi kumejaa na alasiri ndiyo yanapwa. Kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Hesabu hiyo sijaiona kwenye kipeperushi hata kimoja, na ndiyo inayoamua kama lile fungu la mchanga la kwenye picha utalikanyaga au utaonyeshwa kwa kidole, "lipo hapo chini, bwana."

Halafu upepo. Kusi likishika, kuanzia Juni mpaka Agosti, upande wa mashariki na kusini wa Unguja bahari inakuwa na mawimbi ya kukutapisha chai ya asubuhi, wakati upande wa Mji Mkongwe, uliokingwa na kisiwa chenyewe, kunaendeka. Kaskazi la Desemba hadi Februari linageuza mambo, Nungwi na Matemwe ndiko kunakochafuka. Mimi napenda maleleji ya Oktoba na Novemba, pepo zikibadilishana zamu. Mvua ya vuli inaweza kukulowesha, lakini bahari inalala na chini kunaonekana.

Sasa neno "kila kitu ndani". Mwaka juzi nilichukua watu tisa kwa papasi mmoja, yaani dalali wa mtaani wa watalii, pale Forodhani, bei nzuri mno. Tukiwa tumeshakaa botini, nanga juu, ndipo baharia akapita na daftari: ada ya hifadhi haimo, miwani imo ila viatu vya kuogelea vinakodishwa, maji ya kunywa chupa moja kwa mtu, na kamba koche aliyekuwa kwenye picha ni "oda maalumu". Wifi yangu, ambaye ameuza vitenge Darajani miaka ishirini, alimwomba lile daftari, akajumlisha mwenyewe, akaniangalia. Hakusema kitu mpaka tuliporudi, ila ile boti ya bei nafuu ilituzidi bei ya ghali kwa kila kichwa. Tangu siku hiyo naandikiwa kwenye WhatsApp, neno kwa neno: usafiri wa kutoka hotelini na kurudi, ada ya hifadhi, miwani na mrija, chakula ni nini na kiasi gani, maji na soda, jaketi la kuokolea kwa kila mtu pamoja na saizi za watoto. Kisichoandikwa hakimo.

Orodha yangu ya safari, bora ikitangulia, ninaipanga kwa familia: bibi mmoja, watoto wawili watatu, watu wazima wasiojua kuogelea sana. Kama nyinyi ni vijana watupu, orodha itageuka, nitasema wapi.

Ya kwanza: Fumba na Kwale

Mtaani kila mtu anaiita Safari Blue, ingawa jina hilo ni la kampuni moja ya Fumba na leo kila papasi analiuza kama lake. Unaondoka Fumba, kusini mwa mji kwa mwendo wa nusu saa hivi ya gari, unaingia Ghuba ya Menai, eneo la hifadhi tangu 1997. Chombo ni jahazi la mbao lenye injini, turubai juu ya kichwa. Asubuhi fungu la mchanga na kuchungulia matumbawe, mchana kisiwa cha Kwale, jioni tanga linapandishwa na injini inanyamaza. Pomboo mkiwakuta ni bahati. Anayewaahidi anauza asichokuwa nacho.

Naiweka juu kwa sababu ya chakula na kwa sababu ya kile kidimbwi cha mikoko. Chakula chake ni ufukweni, si botini: ngisi na changu juu ya makaa ya vifuu, mpishi anawageuza kwa mkono mtupu na kupaka ukwaju na pilipili kwa brashi iliyokwisha nywele, wali wa nazi kwenye sufuria lililofunikwa kwa sinia, kisha matunda hadi mikono inanata. Nimeshamwona bibi wa miaka sabini na kitu akiomba sahani ya tatu. Nacho kidimbwi cha mikoko ndani ya Kwale ni cha maji ya vuguvugu, hakina wimbi, watoto wanaelea humo kama mabata. Lakini maji yakipwa hakuna kidimbwi, kuna tope na kaa. Ndiyo maana nawahimiza waende mnamo tarehe 12 au 27 ya mwezi wa kuandama: maji yanapwa saa mbili asubuhi hivi, fungu mnalikuta liko wazi, na saa nane mchana kidimbwi kimejaa. Nenda siku ya bamvua yenyewe, mtatembea na viatu mkononi mbali kidogo kulifuata jahazi, bibi kabebwa. Kwetu alibebwa kwenye kiti cha plastiki, vijana wawili, akicheka njia nzima.

Kasoro yake: choo hakuna mpaka ufike kisiwani. Na siku za watalii wengi, Kwale inakuwa kama soko la Darajani mkesha wa Idi. Omba kundi linalokula mapema au la mwisho.

Ya pili: Shimoni, Wasini na Kisite

Walio Mombasa, Diani au Tanga wasihangaike kuvuka kuja Unguja. Kisite-Mpunguti, hifadhi ya bahari iliyo kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, ina matumbawe ambayo kwa jicho langu yanaishinda Menai, na pomboo wa pale ni wenyeji hasa. Pakeji ya kawaida ni mashua kutoka Shimoni asubuhi, kuchungulia samaki Kisite maji yakiwa yamepwa, kisha chakula kisiwani Wasini: kaa wa kuvunjwa kwa kijiti cha mbao, samaki wa nazi, chapati. Hapa kalenda ni kinyume na ya Kwale. Tafuta siku ambayo maji yanapwa saa nne au saa tano, yaani karibu na bamvua.

Wasini haina gari hata moja. Baada ya kula tembea mpaka ile bustani ya matumbawe makavu nyuma ya kijiji, yenye njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama wa hapo. Kiingilio chao huwa nje ya pakeji, na ni pesa ninayoitoa kwa moyo mweupe. Wanaume wanaotaka kuwahi adhuhuri, msikiti uko hapo hapo kijijini. Ada ya hifadhi ni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali yao, si kwa noti mkononi mwa mtu, kwa hiyo ukiambiwa "nipe mimi nitalipa", taka uone risiti. Mei na Juni wengi hufunga, bahari haicheki.

Ya tatu: katamarani ya kaskazini

Hii ndiyo inayoulizwa zaidi siku hizi, kwa ajili ya zile picha za watu wamelala kwenye wavu. Katamarani ni boti ya matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha pana. Neno lenyewe ni la Kitamil, maana yake miti iliyofungwa pamoja, na mtu aliyekua anapanda ngalawa hawezi kuishangaa sana: ngalawa ina matengo mawili pembeni kwa kazi ile ile, kuzuia chombo kisilale.

Raha yake ni ya kweli. Haiyumbi ubavu kwa ubavu, haihitaji maji mengi, kuna kivuli, kuna mahali pa kubadilishia nguo, na kuna choo. Kama bibi ana sukari, au kuna mjamzito, au wanawake wa nyumba yenu wanataka sitara, choo hicho peke yake kinaipandisha hadi nafasi ya kwanza, na bei yake mtaisamehe. Vijana watupu nao waichukue hii, kwa ule wavu.

Kwa nini basi ni ya tatu? Kwanza, Mnemba. Katamarani nyingi za Nungwi, Kendwa na Matemwe zinauza "kisiwa cha Mnemba", na watu wanalipa wakidhani watashuka. Hamshuki. Kisiwa ni cha hoteli binafsi. Nyinyi mtaogelea pembezoni mwa mwamba, katikati ya boti nyingine nyingi, na chakula mtakula botini au pwani ya upande wa pili. Samaki wapo, kasa wapo, lakini pwani tupu hamtaipata. Uliza mapema: tunashuka wapi, kwa saa ngapi? Pili, vinywaji. Bei ya kila kitu ndani huku imejengwa juu ya baa ya wazi, bia na mvinyo kuanzia saa nne asubuhi. Familia isiyokunywa inawalipia wanaokunywa, kisha inakaa nao sitaha moja na muziki wao. Sema wazi kwamba hamnywi na uombe bei yenu. Kuna wanaopunguza vizuri tu, hasa mkichukua boti nzima. Tatu, wimbi likija la mbele, sitaha ile pana inapigwa kutoka chini, paa! paa!, kama mtu anagonga mlango usiku. Haina hatari, lakini watoto wangu waliacha kula.

Mkiwa kumi na zaidi, acheni bei ya kichwa. Ulizeni bei ya boti, mgawane wenyewe.

Chumbe, kwa wachache

Siipi namba kwa sababu si kila siku inauzwa. Chumbe ni kisiwa cha hifadhi ya matumbawe tangu 1994, boti yake inatoka Mbweni, na wageni wa kutwa wanapokelewa tu pale mabanda saba ya kulala yasipojaa. Hakuna muziki wala umati. Kuna mnara wa taa wa 1904 wa kupanda, kuna mwongozaji anayejua jina la kila samaki, na chakula kimo. Ni ghali. Mwenye watoto wanaopenda kuuliza "hiki nini?" apige simu wiki mbili kabla, na asipopata asilazimishe.

Ya mwisho: Nakupenda na Changuu

Fungu la Nakupenda liko karibu na Mji Mkongwe, boti ni fupi, bei ni ndogo, na mkifunga safari kwa kisiwa cha Changuu mtawaona kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kwa nusu siku sina neno. Kuiuza kama safari ya siku nzima ya pwani ya mbali ndiko ninakokataa: kutoka pale unaona madirisha ya Forodhani. Kivuli ni cha kuletwa, na bamvua likijaa fungu lote linazama. Nenda asubuhi, tarehe 2 hadi 4 au 16 hadi 18 za mwezi wa kuandama, urudi kabla ya alasiri.

Walio Dar wenye mkoba mwepesi, kisiwa cha Mbudya hakina pakeji na wala hakihitaji: boti kutoka Kunduchi, kibanda cha makuti, samaki na chipsi unalipa ukila.

Haya, upande wa usalama. Kila ninapopita karibu na Chumbe nakumbuka feri ya MV Skagit, iliyozama maeneo hayo tarehe 18 Julai 2012, kusi limeshika. Kwa hiyo kabla ya kuangalia sinia la matunda nahesabu jaketi, kisha namvalisha mtoto mdogo moja nikazikaza kamba, nikamnyanyua kwa mabega ya jaketi. Likimtoka kichwani, si saizi yake, na safari haiondoki mpaka lije jingine. Nahodha mzuri hanuni kwa hilo. Nauliza pia kama kuna injini ya akiba na simu ya upepo au angalau simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji.

Chukua kitambulisho, cha NIDA au cha Mzanzibari mkaazi, maana ada nyingi zina bei ya mwenyeji na hakuna atakayekupa bila kukiona. Malipo ya awali yasizidi theluthi, kwa jina la kampuni na si namba ya mtu, na mkubaliane kwa maandishi kwamba upepo ukizuia, tarehe inahamishwa au pesa inarudi. Jioni ya mkesha usimpigie aliyekuuzia. Omba namba ya nahodha, umuulize kesho maji yanapwa saa ngapi. Akikutajia saa bila kusita, lala.