Kodlesi ipi haigombani na simu za mkononi?

Ile "tititi-tititi" inayoingia kwenye kodlesi (simu ya mezani ambayo mkono wake hauna waya) kabla hata simu ya mkononi haijaita si ubovu wa kodlesi. Simu ya mkononi ikiwa kwenye 2G, mtandao wa kizazi cha zamani, hurusha mawimbi kwa vipande, takriban 217 kwa sekunde, na nyaya za spika huyanasa. Basi kabla hujatoa hela, isogeze simu yako mita moja au mbili kutoka kwenye kitako cha kodlesi. Mara nyingi kelele huisha hapo hapo.

Ukiamua kununua, angalia masafa ya mawimbi (MHz au GHz) kwenye stika iliyo chini ya kitako. Usitegemee maneno ya muuzaji.

Namba moja ni DECT ya Ulaya, kiwango cha kodlesi za kidijitali, 1880–1900 MHz. Imetengewa njia yake, hutafuta yenyewe chaneli iliyo wazi, na haiingilii Wi-Fi. Ikiwa na alama ya GAP, yaani inaelewana na DECT za kampuni nyingine, ni bora zaidi: unaweza kuongeza mkono wa simu wa kampuni nyingine, angalau kwa kupiga na kupokea.

Inafuata 5.8 GHz. Masafa yake yako mbali na ya simu za mkononi, ila kuta nene huishinda mapema. Soma stika yote, kwa sababu baadhi hutumia 5.8 upande mmoja tu na kurudi kwa 2.4 GHz au 900 MHz.

Ya 2.4 GHz naiweka ya tatu. Haitagombana na simu yako. Itagombana na Wi-Fi na maikrowevu.

Ya 900 MHz iache dukani. Zile za Kimarekani hutumia 902–928 MHz, na kwetu simu za mkononi za GSM 900 (mtandao wa 2G) hurushia hapo hapo, 890–915.

Mkiani kabisa ni DECT 6.0, ile anayokuletea ndugu kutoka Marekani. Hiyo 6.0 ni jina la biashara tu. Masafa yake ni 1920–1930 MHz. Kwao ni halali. Huku Afrika Mashariki, kama Ulaya, 1920–1980 ndimo simu za mkononi zinamosemea na mnara, kwa hiyo kodlesi yako inaupigia mnara kelele sikioni na jirani ndiye anayekatikiwa simu. Ujerumani mamlaka ya mawasiliano imewahi kuwaonya watu kuhusu simu hizi. Nyingi pia huja na adapta ya volti 120 pekee. Ichomeke kwenye 230 na itaungua kabla hujampigia ndugu kumshukuru.