Uzoefu wangu: mizani ya duka la kale niliyoinunua na kuitengenezesha Kisumu

Kwa miezi minane sasa, jikoni mwangu mtaani Migosi pana mizani ya meza ya chuma na shaba, ya aina ile iliyokuwa ikikaa juu ya kaunta ya kila duka la Kisumu nilipokuwa mtoto: vitanga viwili, mawe upande mmoja na sukari upande wa pili. Niliinunua kwa shilingi 4,500 kwa mwuzaji wa vitu vya zamani, kisha nikamlipa fundi shilingi 2,200. Ninaandika haya kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua mizani kama hii kwa ajili ya kupamba sebule, wakilipa zaidi kwa ile inayong'aa zaidi, na kwa niliyoyaona mimi, kule kung'arishwa ndiko kunakoiharibu.

Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia ambao wauzaji wa nafaka wameufanya kipimo, na nilikua nikijua kwamba gorogoro moja haifanani na nyingine. Kuna iliyobonyezwa kitako, kuna inayojazwa mpaka ifanye kichuguu, na kuna inayosawazishwa kwa kijiti. Mama alikuwa mtu wa kichuguu, na wateja walimrudia kwa sababu hiyo. Lakini yeye mwenyewe alipokwenda dukani kununua sukari alisimama mbele ya mizani bila kupepesa macho mpaka sindano itulie katikati, na mwenye duka akiwahi kuinua kitanga kabla haijatulia, mama alimwambia kwa upole, «Rudisha, baba, bado inacheza.» Mizani hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Wala si kumbukumbu za nyumbani peke yake zilizonivuta. Reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni hapa tarehe 20 Desemba 1901, wakati mahali hapa pakiitwa Port Florence, na tangu hapo mizigo ya Uganda iliyovushwa ziwa kwa meli kama Winifred na Clement Hill ilishushwa gatini na kupakiwa kwenye mabehewa. Wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, na Allidina Visram aliyefariki mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa wakubwa wao, walifungua maduka yaliyonunua ngozi, simsim na pamba na kuuza vitambaa, chumvi na sukari. Biashara yote hiyo ilipita kwenye kitanga cha mizani, kwa ratili na wakia, muda mrefu kabla ya kilo. Mnara wa saa wa kumkumbuka Kassim Lakha bado umesimama kwenye barabara ya Oginga Odinga, lakini vyombo vya kaunta vya zama hizo, yaani mizani, yadi ya kupimia vitambaa, debe la mafuta ya taa na pasi ya makaa, vimetawanyika majumbani na kwenye mabanda ya vyuma chakavu. Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, lina boma la Kijaluo la Ber-gi-dala ambalo nimewapeleka wanangu mara kadhaa na tutakwenda tena. Hata hivyo, kule mtu hutazama tu, nami nilitaka chombo ambacho watoto watakishika na kukitumia.

Niliyoinunua ilikuwa imepakwa rangi ya dhahabu vitanga na rangi nyeusi mwili mzima. Ilipokaa tupu mezani kwa mwuzaji, vitanga vilikuwa sawasawa kabisa, na hapo ndipo niliporidhika mapema kuliko ilivyofaa. Nilipewa pamoja nayo mawe matatu ya chuma cha kusubu, nikaambiwa moja ni la kilo na mawili ni ya nusu kilo.

Nyumbani nilifanya jaribio ambalo ningelifanya palepale dukani laiti ningelikumbuka. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nilichukua chupa mbili zinazolingana, nikaweka moja tupu kwenye kila kitanga, nikatia lita moja ya maji katika chupa moja na kuweka jiwe la kilo kando ya ile tupu. Kilo ilikuwa sawa. Kisha nikaondoa chupa, nikaweka jiwe la kilo upande mmoja na nusu mbili upande wa pili, na upande wa kilo ukashuka mpaka chini na kubaki huko. Nilizidi kuongeza maharage upande wa pili hadi vitanga vikawiana, na maharage yale nilipoyapima baadaye kwa mizani ya betri ya jirani yalikuwa na gramu zipatazo 90.

Jibu nililipata kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Rangi nyeusi ilipovuliwa kwenye moja ya zile nusu zilijitokeza taji dogo na herufi LB, kifupisho cha ratili kwa Kiingereza. Halikuwa jiwe la nusu kilo. Lilikuwa la ratili moja, gramu 454, na mwenzake vivyo hivyo. Mtu aliyepaka rangi alifunika alama ile, na kila aliyenunua kitu kwa jiwe hilo akidhani ni nusu kilo alipunjwa gramu 46. Nilirudi kwa mwuzaji, akasema hawezi kurudisha pesa kwa sababu nilikuwa nimeshayakwangua mawe. Sina la kuongeza juu ya hilo, ila mnunuzi ageuze kila jiwe na kukitazama kitako chake kabla ya kutoa pesa. Mawe mengi ya zamani yana kishimo kilichojazwa risasi, ile metali laini na nzito, na juu ya risasi hiyo ndipo mkaguzi alipogonga muhuri wake. Ukikuta kishimo kitupu, au risasi iliyochokolewa, jiwe hilo limepungua uzito.

Fundi niliyempata ni mzee wa jua kali, yaani fundi wa kibandani, karibu na Kibuye anayetengeneza mizani za wauza nafaka, na huduma yake ndiyo sehemu ya habari hii ninayoisifu bila kusita. Hakuanza na bisibisi. Aliweka jiwe la kilo kila upande, kisha akalisogeza moja kutoka katikati ya kitanga mpaka ukingoni, akiangalia kama sindano itahama. Mizani ya namna hii hufuata ubuni wa Mfaransa Gilles de Roberval wa mwaka 1669. Chini ya vitanga mna mikono miwili sambamba iliyounganishwa kwa miguu ya wima, na kwa sababu hiyo kitanga hupanda na kushuka bila kulala upande, na mzigo huwa na uzito uleule hata ukiwekwa pembeni. Sindano ya kwangu ilihama. Akabadilisha mawe, la kushoto kulia na la kulia kushoto, kuhakikisha kwamba mikono ina urefu mmoja, na hapo ilipita.

Alipoifungua nilielewa. Uzito wote wa mizani hulalia makali ya chuma kigumu yenye umbo la pembetatu, ambayo mafundi huyaita visu, na visu vyangu vilikuwa vimegandwa na kutu na rangi pamoja. Chini ya kitanga cha kushoto palibandikwa donge la lami lenye ukubwa wa kunde mbili au tatu. Rangi ya dhahabu ilikuwa nzito zaidi kwenye kitanga cha kulia, na mtu aliona njia rahisi ya kusawazisha ni kuongeza uchafu upande wa pili. Kwa hiyo ule usawa ulionifurahisha kwa mwuzaji ulikuwa wa kubandikwa.

«Mzee, si ukinoe tu kisu kwa msasa?» nilimwuliza.

«Hapana, mama. Ukikinoa, umekihamisha, na kikihama unywele mmoja mkono mmoja umerefuka. Tutakilowesha, kitaachia chenyewe.»

Alivilowesha visu katika mafuta ya taa kwa siku mbili, akavisugua kwa kitambaa na majivu laini, akavua rangi ya vitanga mpaka shaba ikaonekana, akatoa lami, na mwishoni akarekebisha usawa kwa vipande vya risasi ndani ya kikasha kidogo kilicho chini ya kitanga, ambacho kiliwekwa na mtengenezaji kwa kazi hiyohiyo. Rangi mpya hakupaka mahali popote. Kabla ya matengenezo, nikiweka kilo kila upande, ilinibidi kuongeza karibu kiganja cha mahindi ndipo sindano ishtuke. Sasa punje tano zinatosha. Nilizihesabu mara tatu mbele yake, naye akanisubiri bila haraka.

Kasoro moja ya huduma hiyo ni muda. Niliambiwa siku nne zikawa kumi na moja, na hakuna simu niliyopigiwa.

Katika matumizi ya kila siku mizani inanitosha kabisa. Hupima unga wa mandazi, njugu na omena, na haihitaji betri, jambo ambalo kwetu si dogo. Ni nzito kuhamisha, na ukiiweka juu ya meza isiyo sawa itakudanganya, kwa hiyo nimeitafutia mahali pamoja pa kudumu. Maji ya chumvi ya omena hushambulia shaba, hivyo huweka karatasi kwenye kila kitanga, zenye ukubwa mmoja. Mawe mawili ya ratili sikuyatupa. Binti yangu wa miaka tisa ameyapaka alama ya chaki, na alipoona kwamba ratili mbili hazifikii kilo moja alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bibi yake alikuwa akijua. Nilimwambia ndiyo sababu alikuwa akisimama pale bila kupepesa macho.

Nimwonye anayefikiria kuinunua kwa ajili ya duka. Chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, mizani ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka, na muhuri wa zamani ulio kwenye chuma hauhesabiki. Yangu ni ya nyumbani tu.

Kwa jumla nimetumia shilingi 6,700, na ningelitumia tena, ingawa safari hii ningelikwenda kwa mwuzaji nikiwa na chupa mbili za maji mkobani na ningelichagua yenye kutu kuliko yenye rangi, kwa kuwa kutu huonekana. Fundi amenitafutia nusu kilo halisi moja na robo moja, zote zikiwa na risasi yake kitakoni. Jiwe la gramu 50 bado halijapatikana. Ameniahidi kwamba likipita mikononi mwake ataniwekea, nami hupitia bandani kwake kila Jumamosi nikitoka sokoni.