Mihadhara ya mtandaoni kuhusu mapenzi katika falsafa ya Wagiriki wa kale: tathmini kutoka Mombasa

Kozi hii hutolewa bila malipo na chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa nina malalamiko kadhaa juu yake, na inafundisha kwa Kiingereza yale ambayo washairi na wanafalsafa wa Ugiriki ya Kale waliyasema kuhusu mapenzi, kuanzia Hesiod, aliyemhesabu Eros, mungu wa mapenzi, miongoni mwa miungu wa mwanzo kabisa, hadi Epicurus na marafiki zake waliokutana katika bustani yake mjini Athene. Nimeifuata nikiwa Mombasa, kwa simu na kwa intaneti ya bando. Sehemu moja yake ni bora kuliko yote niliyowahi kusikia juu ya mada hii. Nyingine zimepitiwa mbio mbio.

Sehemu hiyo bora ni mihadhara inayoihusu Karamu ya Plato. Kitabu hicho kinasimulia hafla iliyofanyika nyumbani kwa Agathon, mshairi kijana aliyekuwa ameshinda mashindano ya tamthilia mjini Athene mwaka 416 KK. Wageni, wakiwa bado na uchovu wa ulevi wa jana yake, wanakubaliana wasinywe sana, wanamwondoa binti mpiga filimbi, kisha wanaanza kupokezana hotuba za kumsifu Eros. Walimu wengi huzieleza hotuba hizo moja moja, kana kwamba kila msemaji alikuwa peke yake chumbani. Mhadhiri huyu anaonyesha jinsi kila mmoja anavyomjibu aliyemtangulia, anavyomwiba hoja na kumchokoza, na hapo msikilizaji wa Mombasa hapati taabu, kwa kuwa yeyote aliyesoma majibizano ya Muyaka bin Haji na washairi wa Lamu anajua kuwa ubeti haueleweki vyema mpaka ujue unamjibu nani.

Hata mambo madogo hayamponyoki. Zamu ya Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, inapofika, anashikwa na kwikwi, na tabibu Eryximachus anamwelekeza abane pumzi, ikishindikana asukutue maji kooni, na ikizidi ajitekenye pua mpaka apige chafya. Kisha tabibu huyo anachukua zamu ya Aristophanes na kuhutubu juu ya mapenzi yanayoleta ulinganifu mwilini. Mhadhiri anatutaka tuisikilize hotuba hiyo ya ulinganifu huku tukikumbuka kwamba kando yake kuna mtu anakwikwika, na kwamba kilichomponya mwishowe ni chafya. Sikuwahi kuona kichekesho hicho kwa kusoma peke yangu.

Kisha inakuja hotuba ambayo wengi wetu tunaijua bila kujua ilikotoka. Aristophanes anasimulia kwamba binadamu wa mwanzo walikuwa wa duara, wenye mikono minne, miguu minne na nyuso mbili, na kwamba Zeus aliwapasua katikati kwa sababu ya kiburi chao, ndiyo maana kila mmoja anaitafuta nusu yake. Washereheshaji wa harusi zetu hulirudia wazo hilo kila mwisho wa wiki, na wako wanaodai kuwa hayo ndiyo mafundisho ya Plato. Ndani ya kitabu kile kile, Socrates ananukuu maneno ya Diotima, mwanamke mwenye hekima kutoka Mantinea, anayelipinga wazo hilo waziwazi: mtu haipendi nusu yake wala kizima chake isipokuwa kiwe chema, kwani watu huwa tayari kukatwa mikono na miguu yao wenyewe wanapoona viungo hivyo vimeharibika. Mhadhiri anakaa hapo kwa muda mrefu, na anastahili kusifiwa, kwa sababu baada ya hoja hiyo ndipo ngazi ya Diotima inapoeleweka, yaani safari ya kutoka uzuri wa mwili mmoja hadi uzuri wa miili yote, kisha wa roho, wa sheria na desturi, wa elimu, na mwisho Uzuri wenyewe.

Mhadhiri halifichi pia swali gumu ambalo mwanafalsafa Gregory Vlastos alilitilia mkazo katika karne ya 20: ikiwa mpenzi ni kipandio tu cha ngazi, je, yeye mwenyewe, kwa nafsi yake na kasoro zake, anapendwa na nani? Alcibiades, mwanasiasa wa Athene aliyempenda Socrates, anapoingia amelewa na kuanza kumsema Socrates, mtu huyo mmoja asiyefanana na yeyote, swali hilo linapata uzito ambao hoja tupu haziwezi kuupa. Jambo jingine ambalo baadhi ya wasikilizaji wa Mwambao watalikuta hapa ni kwamba mapenzi yanayosifiwa katika hotuba kadhaa ni ya wanaume watu wazima kwa vijana wa kiume wa Athene. Mhadhiri halifuniki wala halipambi. Analieleza kama desturi ya mji ule na tabaka lile, pamoja na tofauti ya umri na uwezo iliyokuwamo.

Baada ya hapo kozi inapungua kina. Aristotle aliuandikia urafiki vitabu viwili kati ya kumi vya maadili yake, cha 8 na cha 9, akautenganisha urafiki wa manufaa, wa starehe na wa wema, na akakubaliana na wahenga wake kwamba watu hawajuani mpaka wale chumvi pamoja. Mada hiyo ingeweza kujaza jioni nyingi katika baraza lolote la Mji wa Kale, lakini hapa imepewa muhadhara mmoja wa haraka. Sappho, mshairi wa kike wa Ugiriki ya Kale aliyeyaita mapenzi matamu na machungu kwa pamoja, ametajwa kwa jina tu, ilhali Plato mwenyewe anamtaja katika mazungumzo yake mengine. Na hakuna neno hata moja kuhusu fikra hizi zilivyopokewa na wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu, ingawa Ibn Sina aliandika risala nzima juu ya ishki.

Upande wa huduma hauridhishi. Maandishi yanayopita chini ya video yameandikwa na kompyuta, na majina ya Kigiriki yanatoka yamevurugika kiasi cha kutotambulika. Vipindi vya kumuuliza mhadhiri maswali moja kwa moja hufanyika usiku wa manane kwa saa za hapa. Cheti hulipiwa kwa kadi ya benki pekee, na bei yake ni kubwa mno kwa karatasi isiyokuongezea elimu yoyote, mimi sikukinunua.

Anayeanza namshauri asome kwanza Karamu yenyewe katika tafsiri ya Benjamin Jowett, ambayo inapatikana bure mtandaoni ingawa Kiingereza chake ni cha karne ya 19, na akitaka kuokoa bando apakue sauti peke yake, maana kwenye video hakuna cha kutazama zaidi ya mhadhiri mwenyewe na majina machache ubaoni.