Tairi la upana gani kwa murramu na kokoto? Mwongozo kwa waendeshaji wa Kisumu na Nakuru

Ukiuliza dukani tairi gani la baiskeli linafaa kukimbia, mara nyingi utapewa jembamba na kuambiwa ulijaze upepo hadi liwe gumu kabisa. Kwa lami, sawa. Kwenye kokoto tairi gumu hurukaruka juu ya kila jiwe, na nguvu unayokanyaga inaishia kukurusha juu badala ya kukusogeza mbele. Tairi pana lenye upepo wa kiasi hubonyea, likalimeza jiwe na kupita. Kwa hiyo anza na upana, kwa milimita. Chapa na bei vifuate.

Kwanza soma ubavu wa tairi ulilonalo. Tafuta namba kama 40-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa, zote kwa milimita. Namba hiyo ya pili ndiyo inayookoa pesa. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, hutumia 28 x 1½, ambayo ni 635. Baiskeli nyingi za mtumba zenye magurudumu makubwa ni 700C, yaani 622, na baadhi ya matairi yake pia huandikwa inchi 28. Tofauti ni milimita 13, na hakuna fundi atakayeilazimisha ikubali.

Nafasi ya kwanza naipa upana wa milimita 40 hadi 45. Huu ndio upana wa mtu anayetoka Kondele kwa lami, akipita Mamboleo kisha akaingia njia za ndani, au anayezunguka mashamba ya Njoro. Kokoto mpya ambayo haijashindiliwa haikuyumbishi sana, na ukirudi kwenye lami huburuti mzigo. Kwa mtu wa kilo 75 anayetumia tyubu, anza na PSI (kipimo cha upepo) 38 mbele na 42 nyuma, kisha punguza au ongeza kidogo kidogo. Ukibeba mzigo kwenye keria, ongeza nyuma.

Ya pili ni 50 hadi 54, yaani inchi 1.95 hadi 2.1. Kama tayari una baiskeli ya maunteni ya inchi 26, basi kwako hii ni ya kwanza, wala usihangaike kutafuta baiskeli nyingine. Kwenye mawe ya Menengai au miteremko ya vilima vya Maragoli, hakuna upana mwingine kati ya hizi unaokupa utulivu huo. PSI 25 hadi 35 zatosha. Chagua lenye meno mafupi katikati na marefu kidogo pembeni. Meno makubwa kote hunguruma kwenye lami na kukuchosha mlimani.

Ya tatu ni 35 hadi 38. Linafaa murramu iliyoshikana vizuri, hasa kwa mtu mwepesi, au pale fremu isipokubali zaidi.

Mwisho kabisa ni 28 hadi 32, na kwa kokoto sikushauri ulinunue. Ukipunguza upepo ili usitikisike, rimu inagonga jiwe na kuibana tyubu katikati. Fundi akiitoa ataona matundu mawili yaliyokaa sambamba. Huo si mwiba. Ukijaza upepo ili kuepuka pancha hiyo, unarudi kwenye kurukaruka.

Pima nafasi kabla ya kulipa. Chukua spana ya alen (ile ya pembe sita) ya milimita 6 na uipitishe kati ya tairi na foku, kila upande, kisha fanya hivyo nyuma karibu na breki na madigadi. Ikipita bila kukwaruza, una nafasi ya kutosha kwa upana huo. Kwa anayepita uwanda wa Kano, upande wa Ahero, ningetaka zaidi ya hapo: udongo mweusi ukilowa hugandamana kwenye meno hadi gurudumu ligome kuzunguka, na tairi lililojaza foku ndilo la kwanza kukwama.

Kama pesa inatosha tairi moja tu, liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi utajiokoa. La mbele likiteleza uko chini.

Matairi ya mtumba yakunje kwa vidole na uangalie ubavu. Ukiona nyufa ndogo au nyuzi zimejitokeza, liache hata kama meno bado mapya. Nunua pia tyubu ya upana unaolingana, kwa sababu tyubu nyembamba ikivutwa ndani ya tairi pana hubaki laini na kutoboka upesi. Na hakikisha valvu yake inaingia kwenye tundu la rimu: valvu nene kama ya gari haipiti kwenye rimu iliyotobolewa kwa ile nyembamba.