Nililipa ya kuangalia, sikulipa ya kuuliza

Sambaza, wale dagaa wetu wa Ziwa Kivu, walikuwa watamu. Niseme hilo mapema, maana nikishaanza sitapata nafasi tena. Wamekaangwa wakakauka, pilipili ya kutoa machozi, Fanta baridi kweli. Kama tungeishia mezani ningewasifu.

Lakini watoto wakaona kibao kule nyuma: "ZOO. TUNACHUNGA WANYAMA WASIISHE." Ni mgahawa mmoja hapa kwetu Bukavu, kando ya ziwa, jina nalimeza. Kuingia ni franka elfu mbili kila kichwa, na mtoto wa mgongoni naye anahesabiwa. Nikalipa. Kobe, kanga watatu, kasuku wa kijivu asiye na mkia. Halafu sokwe, bado mtoto.

Kibanda chake cha nondo hakizidi kitanda changu. Chini saruji tupu, bakuli la plastiki limepinduka, maji hata tone hakuna. Alikuwa ameshika kifuniko cha chupa. Anakigeuza, anakilamba, anachungulia ndani, anakilamba tena. Kijana wangu wa miaka sita akaacha kucheka. Nikamuuliza mlinzi, na wakati huo bado nilikuwa na adabu zangu: "Ndugu yangu, mama ya huyu mtoto iko wapi?"

Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, ulilipa ya kuangalia. Haukulipa ya kuuliza."

Wiki zimepita, sijui ngapi, na neno hilo bado limenikwama kooni kama mwiba.

Jibu nilikuwa nalijua, ndiyo maana liliuma. Sokwe hakupi mtoto wake kwa hiari. Mama anauawa kwanza, mara nyingi pamoja na wenzake waliosimama kumtetea; nyama inauzwa, mtoto anapelekwa kwa mwenye pesa. Na sheria ya nchi inamlinda sokwe, si pambo la mgahawa. Sokwe wanaonyang'anywa watu wa namna hii hupelekwa Lwiro, kituo cha kuwalea kilicho mbele ya Kavumu, wakafundishwa kuishi na wenzao tena, kwenye miti.

Si kwamba nachukia zoo. Vyura wa Kihansi, kule Tanzania, si zoo ndizo zilizowaokoa? Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, ule ukungu waliokuwa wakiuishi ukakauka. Mwaka 2000 karibu 500 wakapelekwa Marekani. Porini wakaisha kabisa. Zoo zikawazalisha, na 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Chura asiyezidi ukucha wa kidole gumba ananyunyiziwa ukungu wa kutengenezwa, na sokwe wa Bukavu analamba kifuniko! Halafu "wasiishe". Yuko peke yake, atazaa na nani? Na nondo?

Nawapa nyota moja, ya sambaza. Haya, mbili, mpishi hana kosa lake, na yule binti wa mezani alikuwa na heshima. Lakini mpishi si anapita pale kila asubuhi kumwaga maji ya vyombo? Nazirudisha zote.

Tulipokuwa tunatoka, kijana wangu aliniponyoka, akarudi mbio na Fanta yake iliyobaki, akaipenyeza kwenye nondo. Mkono mrefu ukaipokea taratibu, kama wa mzee. Hapo ndipo mlinzi alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Weye mutoto! Kulisha banyama ni elfu moja."

Nikalipa.