Programu ya simu za ofisi: kabla hujalipa, uliza bakapu inarudije

Diski ilikufa Jumatatu asubuhi. Hakuna kelele wala moshi, seva inayobeba programu ya simu za ofisi imegoma tu kuwaka, na simu zote za mezani zikaandika kwenye kioo kwamba hazijasajiliwa. Mie nikajifanya mjanja, nikawaambia watu tulieni, bakapu ipo, nusu saa tu. Na kweli ilikuwepo. Nikaandaa mashine mpya, nikapandisha faili, programu ikaniambia imemaliza salama, halafu chini yake kwa herufi nyekundu: leseni hii ni ya mashine nyingine. Yaani ilikuwa imejifunga kwenye kadi ya mtandao ya ile mashine marehemu. Nampigia muuzaji kwa simu yangu ya mkononi, maana nyingine hamna, ananijibu kuna ada ya kuhamisha leseni. Siku mbili bila simu. Leseni iliporudi wateja wakawa wanapiga wanakutana na kimya, kwa sababu ile sauti ya "karibu, kwa mauzo bonyeza moja" haikuwemo ndani ya bakapu. Dada aliyeirekodi alishaacha kazi. Nikairekodi mwenyewe nikiwa na mafua, na mpaka leo ndio hiyo inayowapokea watu.

Sasa tangu yanikute hayo, kila anayeniuliza anunue programu gani ya simu za ofisi namuuliza swali moja tu, mashine yako ikifa usiku huu kesho simu zinalia? Wengi hawajui. Wanajua ina vikorombwezo vingapi.

Msinisumbue na habari za ubora wa sauti. Hii programu ni ubongo tu, simu inajisajili kwake kwa SIP, yaani lugha ya kupiga simu kwa mtandao, ukibonyeza namba inaamua ilie wapi na nani asubiri kwenye foleni. Kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data, ya G.711 ni ileile kila mahali, kilobiti 64 kwa sekunde, ukijumlisha na mzigo wa paketi zenyewe inafika kama 87 kila upande, na sauti ikikatikakatika mara nyingi kosa ni la mtandao wako. Au ruta yako inajitia kuisaidia SIP bila kuombwa, zima kile kitu kinaitwa SIP ALG utanishukuru.

Namba moja kwangu ni FreePBX juu ya Asterisk, Asterisk ndiyo injini ya simu na FreePBX ni kurasa za kuipangia, na sifichi kwamba naipendelea. Asterisk aliianzisha Mark Spencer mwaka 1999 kwa sababu kampuni yake ndogo ya Linux ilihitaji mfumo wa simu na bei za madukani zilimshinda, kwa hiyo tangu mwanzo ni kitu cha mtu aliyekasirishwa na bei kama mimi. Ila sababu yangu hasa ni kwamba vitu vyako unaviona kwa macho. Rekodi za maongezi ziko /var/spool/asterisk/monitor, ujumbe wa sauti uko jirani tu kwenye voicemail, sauti za kukaribisha ziko ndani ya /var/lib/asterisk/sounds, mipangilio iko kwenye database ya MariaDB inaitwa asterisk, na kumbukumbu za nani kampigia nani saa ngapi ziko kwenye asteriskcdrdb. Halafu kuna kafaili kamoja watu wanakasahau sana, astdb.sqlite3, humo ndimo mlimo nani kaelekeza simu zake wapi na nani kaweka asisumbuliwe. Hata kitufe cha bakapu kikikuangusha unaweza kuingia usiku ukavinakili kwa mkono kimoja kimoja. Niliwahi kufanya hivyo, nilimaliza saa nane usiku na asubuhi hakuna aliyejua kama kulikuwa na tatizo.

Ina madhambi yake pia. Bakapu yake lazima uchague mwenyewe moduli, yaani vipande vya programu, zipi ziingie, ukiacha kitu ndio umekiacha, na moduli za kulipia nazo zinajifunga kwenye mashine ndio maana mie nimebaki na za bure. Na najua mtanikumbusha Agosti 2025, lile tundu la usalama kwenye FreePBX lililowaingiza wezi kwenye mifumo ya watu. Sawa, lakini walioumia ni walioacha ukurasa wa utawala uko wazi kwa intaneti nzima, jamani ukurasa wa utawala wa simu unauacha wazi ili aingie nani?

Namba mbili 3CX. Kwa upande wa bakapu imetulia kuliko zote, inakuuliza kabisa kwenye skrini unataka na leseni, na rekodi, na ujumbe wa sauti, na sauti za kukaribisha, unaweka tiki na paswedi basi. Leseni yake inahesabu simu zinazoongea kwa wakati mmoja, sio vichwa vya watu, na hilo nalipenda. Imeshuka kwangu kwa sababu ya Machi 2023, programu yao ya kompyuta ilitoka kwao wenyewe ikiwa na virusi ndani, wateja wameapdeti kwa nia njema wakaingiza mdudu. Hilo bado sijalisahau.

Namba tatu Cisco Unified Communications Manager, wazee wanaiita CallManager, Cisco waliipata walipoinunua Selsius mwaka 1998. Ina nguvu kweli, unaweka seva kadhaa pamoja, moja ikianguka simu zinahamia nyingine zenyewe. Ila kurudisha bakapu ni mtihani, toleo lazima liwe lilelile, jina la seva lilelile, anwani ya IP ileile, na uwe na paswedi ya usalama ya kundi la seva iliyokuwa inatumika siku bakapu ilipochukuliwa. Paswedi hiyo aliiweka fundi siku ya kwanza, miaka hiyo, na fundi hayupo. Nenda kaangalie kama mnayo, leo.

Za bei nafuu zipo, FusionPBX inayokaa juu ya FreeSWITCH, injini nyingine ya simu, na Issabel iliyozaliwa programu ya Elastix ilipochukuliwa na 3CX mwaka 2016. Zinafanya kazi. Tuendelee.

Kinachoniudhi kuliko hata diski ni wauzaji. Unafungua ukurasa wa bei unakuta hakuna bei, kuna kitufe cha "wasiliana nasi". Ukiwasiliana swali la kwanza mna wafanyakazi wangapi, ukisema arobaini anakuandikia leseni arobaini, wakati ukikaa ukahesabu kwenye kumbukumbu za simu unakuta hata saa ya fujo kabisa wanaoongea kwa pamoja hawazidi wanane. Hesabu hiyo ifanye kabla hujaonana naye, na usimtajie idadi ya wafanyakazi. Halafu muulize kwa maandishi leseni imefungwa kwenye nini, kadi ya mtandao, namba ya mashine au jina la domeni, na kuihamisha ni bure mara ngapi. Mmoja nilimuuliza akaniambia "dada, hiyo haiwezi kutokea".

Na mwambie akurudishie bakapu mbele ya macho yako, kwenye mashine tupu, kabla hujalipa. Kisha sajili simu moja, jipigie, sikiliza kama sauti ya kukaribisha ipo, fungua rekodi moja ya zamani kama inacheza. Ila hiyo mashine ya majaribio usiiunganishe na intaneti, maana itajisajili kwa mtoa huduma wa laini yako kwa jina lilelile la ile ya kweli, zitaanza kunyang'anyana, na simu za wateja zitakuwa zinaingia kwenye mashine iliyo chini ya meza yako.